Nani kasema Warundi walikimbia njaa 2015??

Wakuu, nina hasira hapa nilipo. Jana kijiweni Kibirizi mtu mzima kabisa anasema Warundi waliojaa Kigoma 2015 walikimbia njaa, na watu wanaitikia. Njaa??

Aprili 25 chama tawala cha Burundi, CNDD-FDD, wakampitisha Rais Nkurunziza agombee awamu ya tatu, kesho yake watu wakaingia barabarani Bujumbura, polisi wakapiga risasi. Mkataba wa Arusha wa 2000, ule wa amani ya Burundi, unasema awamu mbili basi, wao wakadai ile ya 2005 haihesabiki eti alichaguliwa na bunge. Mahakama ya Katiba ikabariki, na makamu wa rais wa mahakama hiyohiyo, Sylvère Nimpagaritse, akakimbilia Rwanda akisema majaji walitishwa. Sasa jaji mzima anakimbia nchi, naye alikosa ugali?

Mei 13 marais wa Afrika Mashariki wako kikaoni Dar, huku nyuma Jenerali Niyombare anatangaza kampindua mwenzao, siku mbili tu mapinduzi yakafeli na redio binafsi zikawa zimeshachomwa.

Na sisi tulikuwa Kagunga. Kijiji cha wavuvi Kigoma, mpakani na Burundi, kimebanwa mlima huku Ziwa Tanganyika huku, barabara hakukuwa, ni boti tu, halafu maelfu kwa maelfu wamelala mchangani, maji ya kunywa ni ya ziwa na choo ni hukohuko ziwani, kipindupindu kikaingia kikaua watu. Meli ya Liemba ilikuwa inabeba kama 600 kwa safari ila hakukuwa na gati, inasimama mbali watu wanapelekwa kwa mitumbwi. Nimeshika kwa mikono yangu mama mjamzito anapandishwa melini huku mawimbi yanapiga, hakuwa na hata kanga ya pili. Mpaka leo nikipita pale namuona.

Wakubwa, hao marais, je? Julai 6 wakakaa tena Dar, wakaomba uchaguzi usogezwe hadi Julai 30. Ukafanyika Julai 21, jamaa akatangazwa na asilimia 69, kimya. Msuluhishi wakampa Museveni, ambaye kwake ukomo wa awamu ulifutwa 2005 hiyohiyo, angemwambia nini mwenzake! Desemba 11 kambi za jeshi zikavamiwa, asubuhi yake maiti zimelala mitaani Nyakabiga na Musaga, hapohapo Bujumbura.

Kama humu kuna aliyekuwa Kagunga Mei ile aje aseme alichokiona, maana mimi kijiweni nilishindwa kuongea, koo lilikaba.