Kupoza seva kwa maji ya bahari: tuzizamishe, au maji yaletwe nchi kavu?

Fundi_Mitambo
Habari za kazi wakuu. Naomba tulinganishe njia za kupoza vituo vya data kwa kutumia bahari, maana mijadala mingi inaishia kwenye "maji ni baridi, umeme unapungua". Kwenye kupoza sina shaka. Lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Megawati nzima ya joto unaiondoa kwa lita kama 25 za maji ya bahari kila sekunde, ukiruhusu yapande nyuzi 10. Hiyo ni kazi ya pampu ya kawaida kabisa.

Ninachotaka kujua ni matengenezo. Seva zifungiwe ndani ya mtungi uzamishwe baharini, kama ule wa Microsoft? Kituo kibaki nchi kavu kivute maji, kama Google wanavyofanya Hamina, Finland, tangu 2011? Au seva zitumbukizwe kwenye mafuta yasiyopitisha umeme? Ipi inamfaa atakayebaki kuitunza mwaka wa tatu, wa nne, wa tano?

Zamia_Chini
Mkuu, mimi niko upande wa mtungi, na baridi ni sababu ndogo tu. Ule wa Microsoft ulishushwa 2018 karibu na visiwa vya Orkney, Scotland, kina cha mita 35, ukaopolewa 2020. Ndani kulikuwa na makabati 12 ya seva, hewa imetolewa na kuwekwa naitrojeni kavu. Kati ya seva 855 zilikufa 6. Zile za kulinganishia zilizobaki nchi kavu zilikuwa 135, zikafa 8. Yaani chini ya asilimia 1 dhidi ya karibu asilimia 6. Oksijeni hakuna, unyevu hakuna, kutu itaanzia wapi? Wala hakuna mtu anayepita akigonga waya au kuchomoa kisichohusika.

PUE yao, yaani umeme wote wa kituo ukigawanywa kwa ule unaofika kwenye seva, ilikuwa 1.07. Kwa kila yuniti moja ya umeme inayofika kwenye seva, 0.07 tu inaenda kwenye kupoza na mengineyo.

Mama_Pampu
Kaka Zamia, hizo ni takwimu za seva. Mimi naomba tuzungumzie mabomba na rejeta, yaani yale mabamba yanayopitisha joto la seva kwenda kwenye maji, kwa sababu huko ndiko nilikofanyia kazi, na huko ndiko bahari inakolipiza.

Chaza hawaji siku ya kwanza. Kinaanza ute. Saa chache baada ya bamba safi kuguswa na maji ya bahari, bakteria wanatandaza utando mwembamba ambao jicho halioni, ila ukipitisha kidole kinateleza. Utando huo peke yake tayari unazuia joto. Baadaye unakuja mwani, kisha mabuu ya chaza na jamaa zake wanapata pa kujishikiza. Nafasi kati ya bamba na bamba ni milimita chache tu, kwa hiyo haichukui viumbe wengi kuiziba. Na maji yakiwa ya vuguvugu, yote haya yanakwenda mbio zaidi kuliko kule kaskazini kwenye baridi.

Dalili ya kwanza haionekani kwenye kipimajoto. Iko kwenye geji za presha: tofauti kati ya presha ya kuingilia na ya kutokea inapanda polepole, pampu inakaza mwendo kufidia, huku halijoto ikisoma vizuri kabisa. Anayengoja halijoto ipande ameshachelewa.

Nchi kavu dawa yake inajulikana. Unakuwa na vibadilisha joto viwili, yaani rejeta mbili za mabamba, unafunga vali za kimoja, unalegeza boliti, unatoa bamba moja moja, unasugua kwa brashi laini na maji, unabadilisha gasketi (mipira ya kuzibia) zilizochoka, unarudisha. Seva hazihisi chochote. Kazi hiyohiyo kwenye mtungi uliozama inataka meli, kreni na bahari iliyotulia.

Zamia_Chini
Dada, si kuna aloi ya shaba na nikeli? Viumbe hawaipendi.

Mama_Pampu
Ipo, na ni nzuri. Ila haivumilii maji ya kasi kama metali ya titani inavyovumilia, na ukiigusanisha na chuma cha kawaida ndani ya maji ya chumvi, kile chuma kitaliwa. Titani nayo hailiwi na chumvi, lakini haina sumu, kwa hiyo viumbe wanajenga juu yake bila wasiwasi. Wengine wanapitisha umeme kwenye maji yenyewe ya bahari ili kuzalisha klorini kidogo. Inafanya kazi, ila kipimo lazima kichungwe sana kwa sababu maji hayo yanarudi kwa samaki.

Kabati_la_Nane
Naunga mkono nchi kavu, kwa hoja tofauti. Mtungi umejengwa kwa falsafa ya kuacha kilichokufa kilipofia: seva ikizimika, kazi inahamia nyingine, na mtungi haufunguliwi. Microsoft walilenga hadi miaka 5 bila kuugusa. Kwa seva za kawaida ni sawa. Leo watu wanataka chipu za akili mnemba, ambazo bei yake ni kubwa na kizazi kipya kinaingia kabla cha zamani hakijachoka. Nani atakubali kuzifungia mahali asipoweza kubadilisha hata kadi moja? Microsoft wenyewe walithibitisha 2024 kuwa mradi hauendelei, ingawa China kampuni ya Highlander ilianza kushusha mitungi yake Hainan.

Halafu zile seva 6 dhidi ya 8: idadi ni ndogo, na kilichobadilishwa ni vitu vingi kwa pamoja. Kama ni naitrojeni na kutoguswa ndivyo vilivyosaidia, chumba kinaweza kufungwa na kujazwa naitrojeni nchi kavu pia. Hilo ndilo ningependa kuona likijaribiwa kwa upana.

Zamia_Chini
Hapo kwenye chipu umenena. Kwa hifadhi ya data isiyoguswa mara kwa mara, bado nasimama na mtungi.

Sauti_ya_Kina
Kwa hifadhi, angalieni aina ya diski. Sauti inasafiri majini mita kama 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na diski za kuzunguka zinavurugwa na sauti inayotetema kwa kasi inayolingana na mtetemo wake wa asili. Mtu mwenye spika ya chini ya maji anaweza kuzitibua kwa makusudi. Zisizo na sehemu inayozunguka hazina tatizo hilo.

Fundi_Mitambo
Nashukuru wakuu. Na njia ya tatu, ya mafuta?

Kabati_la_Nane
Inapoza vizuri na feni zote unazitoa. Kero yake ni ya mikononi: kila seva unayoinyanyua inachuruzika, lazima uining'inize juu ya tangi ikauke. Nyaya zenye ganda la PVC zinakakamaa kwa sababu mafuta yanavuta kile kinacholainisha plastiki. Viunganishi vya faiba mafuta yakipenya, mwanga unapotea. Vile vimiminika vinavyotumika badala ya mafuta, ambavyo huchemka vikigusa chipu ya moto, vina shida nyingine: kampuni ya 3M walitangaza mwishoni mwa 2022 kuwa wataacha kutengeneza kemikali za jamii hiyo ifikapo mwisho wa 2025.

Fundi_Mitambo
Basi naelekea kwenye kuvuta maji. Mama_Pampu, maji ya moto yanayorudi tuyafanyeje?

Mama_Pampu
Hamina wanayachanganya kwanza na maji mapya ya bahari, halijoto ishuke karibu na ya bahari yenyewe, ndipo wanayaachia. Fanyeni hivyo. Na kabla ya kuchimba mtaro wa bomba, pimeni mkondo wa maji katika majira yote ya mwaka. Mahali pa kutolea pakiwa juu ya mkondo kuliko pa kuvutia, kituo kitakuwa kinavuta joto lake chenyewe.