Kilo 64 hadi 83 na siku zangu hazieleweki: dawa hizi za Kihindi niendelee nazo?

BintiUpanga: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 31, nimeolewa, naishi Dar. Tangu mwaka jana nanenepa tu, na kula kwangu ni kwa kawaida. Siku zangu zinapotea hata miezi mitatu, zikija ni mafuriko. Nywele zinakatika, choo kigumu, ofisini saa nane mchana nasinzia kama mtoto. Nilipiga altrasaundi nikaambiwa ni PCOS, yaani homoni zimevurugika na mayai hayakomai vizuri, nikapewa metformini, ile dawa ya sukari, na neno moja: punguza uzito.

Jirani akanipeleka duka la dawa za Kiayurveda, tiba ya asili ya Kihindi. Muuzaji hata mkono hakunishika, akasema kapha imenizidi, eti ile nguvu ya mwili inayoleta uzito na uzembe. Nikatoka na makopo ya ashwagandha, shatavari na triphala, pamoja na vidonge vyeusi kwenye kijimfuko kisicho na maandishi, eti vinayeyusha mafuta. Laki na ishirini hiyo imekwenda. Na uwatu naloweka kila usiku. Wiki ya tatu sasa, mzani umegoma, na mume analalamika shuka zinanuka uwatu. Niendelee?

Baba Mwanaidi: Mumeo hasingizii, uwatu unatoka na jasho. Kwetu Tanga ni wa mzazi, maziwa yashuke. Haya ya homoni mmeyaanza nyie wa Dar.

Mama Wawili: Mimba umepima lakini? Msicheke, mimi nilikunywa majani miezi miwili kumbe nina Junior tumboni.

TibaHalisi: Dada njoo inbox, nina dawa inasafisha kizazi siku 7 tu.

Mama Wawili: Hawa nao hawakosi msibani wala harusini.

Nesi wa Zamu: Vidonge vyeusi acha leo hii. Kuna utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2004: walinunua dawa 70 za Kiayurveda kwenye maduka ya huko wakazipima; 14 zilikuwa na madini ya sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. Hizo zilikuwa na lebo, sembuse kijimfuko chako. Uwatu na metformini vyote vinashusha sukari, kwa hiyo ukitetemeka na kutoka jasho jembamba usiseme ni uchawi. Ashwagandha imeshawahi kuumiza maini ya watu. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, kimbia hospitali.

Ila kinachonisumbua ni kingine. Uchovu, choo kigumu, nywele, uzito, hedhi nzito. Tezi ya shingo imepimwa? Mtu haitwi mgonjwa wa PCOS kabla tezi haijaondolewa kwenye orodha. Kapime TSH, homoni inayoonyesha kama tezi inafanya kazi, ni damu kidogo tu ya mkononi.

Mbongo Pune: Niko India mwaka wa tatu. Mwenye nyumba wangu ni daktari wa Ayurveda, shahada yao ni miaka mitano na nusu. Anashika mapigo, anauliza unalala saa ngapi, choo kikoje, halafu naye anakutuma maabara. Dawa zenye madini zipo kweli, zinachomwa kwa utaratibu wao, lakini hawapewi wapita njia. Mtu wa kapha yeye huanza kumkataza kulala mchana na kula usiku mwingi. Kwa hilo hakuuzii kopo, ndiyo maana muuzaji wako hakulitaja.

Chausiku78: Triphala mimi ilinipunguza kilo mbili. Zote za chooni, zilirudi wiki iliyofuata.

BintiUpanga: Wapendwa, mrejesho. Mimba hamna. TSH imetoka 14, na kwenye karatasi mwisho ni 4 na kitu, yaani tezi yangu inafanya kazi kivivu. Nilibeba makopo yote hadi kwa daktari, akayapanga mezani kama mchuuzi. Nimeanzishiwa dawa ya tezi, alfajiri tumbo tupu, chai baada ya nusu saa, nirudi kupima baada ya wiki sita. PCOS itaangaliwa upya tezi ikitulia. Ashwagandha amenikataza kabisa, inaweza kupandisha homoni hizohizo za tezi, wakashindwa kujua kipimo changu. Akanionya pia nisitarajie kilo zote 19 zitoke kwa kidonge. Tezi inachangia sehemu tu. Hapo niliumia kidogo, siwafichi.

Nesi, Mungu akuweke. Uwatu nimebakiza wa mchuzi.

Baba Mwanaidi: Wa mchuzi sawa. Shuka je, zimefuliwa?