Lori la mafuta limetutoa barabarani Mikese, halafu wakanirushia GUNZI

Wakuu, naandika mkono unatetemeka na asitokee mtu wa kuniambia nitulie.

Nimetoka Dar leo alfajiri na mama yangu mzazi, tunawahi msiba Morogoro. Chalinze tumepita salama, Bwawani salama. Tunaikaribia Mikese, nyuma linatokea lori la mafuta la wale jamaa. Siwataji. Anayepita njia ile hata mara moja kwa mwaka anawajua. Ng'ombe wa Ubena Zomozi wanawajua, wakisikia ile honi wanajipanga pembeni wenyewe bila mchungaji.

Mstari hauruhusu kuovateki, mbele kona, basi linakuja. Akaingia hivyo hivyo! Tangi na tela lake, refu kama treni ya mizigo, limenikaa ubavuni haliishi. Basi likawasha taa, jamaa akarudi kushoto, na kushoto ndiko niliko mimi. Nikashuka kwenye udongo, mama anawaita wajomba zake wote, waliokufa na walio hai. Na hapo hapo utingo, dirisha wazi, anamalizia hindi la kuchoma, akanitazama machoni, akanirushia gunzi. GUNZI, wakuu. Likatua kwenye kioo mbele ya uso wa mama yangu, likanasa kwenye waipa.

Tangi limeandikwa HATARI pande zote, herufi kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Na walikuwa wanaelekea Msamvu. Msamvu! Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakaenda kuchota, likalipuka, tukazika zaidi ya watu 100. Mama alizika jirani yake. Mwendo ule ule, barabara ile ile, na mtu ana nafasi ya kutafuna hindi na kulenga shabaha.

Msamvu nikawakuta wameegesha, utingo kakaa kivulini mwa tangi anakula chipsi mayai. Nikashuka na gunzi mkononi. Mnajua kaniambia nini? "Aa, braza, umelileta? Tupa tu hapo."

Tupa tu hapo!

Mla Bamia: Mkuu, yaani umelisafirisha gunzi kutoka Mikese mpaka Msamvu? Ulilifunga mkanda?

Shangazi wa Kihesa: Pole kwa mama. Huyo wa kwako alikuwa tambarare. Njoo mlima Kitonga, huku Iringa, uwaone wanavyoshuka wamepiga fri ili wabane dizeli. Gari halishikwi na injini, linashikwa na breki tupu, mpaka matairi yanafuka moshi. Mimi nikiona tenki nyuma yangu pale naanza kutubu.

Mzee wa Tunduma: Nimevuta tenki miaka 14, Dar hadi Lubumbashi, ngoja niwaambie. Mafuta si mbao. Tangi likiwa nusu, yanacheza. Ukikanyaga breki yanakuja mbele yanakusukuma, ukikata kona yanakimbilia upande mmoja na tela linataka kulala. Ndiyo maana naacha nafasi mbele yangu. Sasa nyie wa vigari mkiiona mnachomekea, halafu mnapunguza mwendo mnunue nyanya. Wangapi wamepinduka kwa kumkwepa mtu wa nyanya? Na bosi naye anapiga simu kila saa kuuliza umefika wapi.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo. Mafuta yanacheza, nimekuelewa. Gunzi halina mafuta ndani! Alinitazama machoni kwanza, ndipo akarusha.

Mzee wa Tunduma: Marahaba. Huyo utingo hana adabu, hilo silitetei. Ila ulikuwa unatembea ngapi?

Mleta uzi: 50.

Mla Bamia: Ahaaa.

Mleta uzi: Pale ni kijijini, kibao kinasema 50! Watoto wanavuka kwenda shule!

Otieno wa Nakuru: Kwetu Kenya ni hayo hayo. Sachangwan, Januari 2009, lori lilianguka, watu wakaenda na mitungi, zaidi ya 100 wakaaga. Ungedhani tumeshika adabu. Julai 2021, Siaya, lingine likaanguka na mitungi ikatoka tena.

Mpwa: Mnawaonea wenye malori. Mabasi ya usiku mnayaacha? Juzi nimepanda moja, dereva anasinzia, kondakta anamwimbia.

Dada Zuhura: Bora basi lina mtu wa kumwimbia. Bodaboda wa Kibaha wanapita katikati ya tenki na tela. Nimeona kwa macho yangu.

Mpwa: Na foleni ya mzani wa Vigwaza nani anaizungumzia? Masaa matatu nimekaa pale na samaki kwenye buti.

Dada Zuhura: Samaki wa wapi?

Mleta uzi: Wakuu, turudini kwenye mada. Mama yangu hajala tangu asubuhi. Kila akifumba macho anaona gunzi.

Mla Bamia: Samahani nje ya mada kidogo, mahindi ya kuchoma ya Mikese bado yapo? Nilidhani wale kina mama wamehama.

Shangazi wa Kihesa: Wapo. Ila Mlandizi ndio wanajua kupaka pilipili na ndimu.

Mpwa: Mlandizi wanachoma yaliyokomaa, unatafuna kama kokoto. Bwawani mwisho wa maneno.

Mleta uzi: GUNZI, jamani!

Mzee wa Tunduma: Lilikuwa la njano au jeupe? Kama jeupe hilo ni la Bwawani.