Kikundi cha Familia: Njia ya Rehema na Bibi kwenda Toronto

Rehema: Shikamooni wakubwa. Nataka kukata tiketi zetu mimi na Bibi za kwenda Toronto, na nimebaki na njia tatu.
1. Istanbul, tiketi moja, tunasubiri saa 1 na dakika 25
2. Doha, tiketi moja, tunasubiri saa 3 na dakika 10
3. London, tiketi mbili mbalimbali. Tunashuka Gatwick, tunapandia Heathrow, katikati saa 6. Hii ndiyo ya bei ya chini
Bibi hawezi mwendo mrefu. Kadi yangu ya benki inaingiza launji, yaani ukumbi wa kupumzikia uwanjani, ningependa apumzike njiani. Nichukue ipi?

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Namba 3 ifute kabisa, hata kabla hatujaanza kuzungumza launji.

Rehema: Kwa nini Mjomba? Saa 6 si nyingi?

Mjomba Salim: Gatwick iko kusini ya London, Heathrow iko magharibi. Ni viwanja viwili, na katikati kuna barabara kuu ya M25 yenye foleni. Kwa kuwa tiketi ni mbili, mizigo inashushwa Gatwick. Ili muichukue lazima mpite uhamiaji, yaani kila mmoja awe na ruhusa ya kuingia Uingereza kwa paspoti yake. Kisha basi, kisha mpange foleni ya kukabidhi mizigo upya.

Kassim: Piga hesabu dada. Kutua hadi kutoka na mizigo, weka saa 1 na nusu. Barabara, saa 1 na nusu nyingine. Na Heathrow kwa safari ya mbali unatakiwa ufike saa 3 kabla. Hapo saa 6 zimekwisha na hakuna hata dakika moja ya ndege kuchelewa.

Mjomba Salim: Na ikichelewa, shirika la pili halina habari na la kwanza. Kwao ninyi ni abiria ambao hawakutokea. Kiti kinafutwa, na mara nyingi vipande vyote (kila ndege ni kipande) vilivyobaki kwenye tiketi hiyo vinafutwa pia, pamoja na vya kurudia. Kwenye tiketi moja, ukikosa ndege kwa sababu ya ile ya kwanza kuchelewa, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Hilo peke yake linazidi unafuu wa bei.

Rehema: Na nikiwaomba wapeleke mizigo moja kwa moja?

Kassim: Kwa tiketi mbili mashirika mengi hukataa. Dawa ni kuangalia lebo ya begi palepale kaunta kabla halijaondoka kwenye mkanda. Herufi tatu kubwa za mwisho lazima ziwe YYZ, ndiyo Toronto Pearson. Ukiona herufi za uwanja wa katikati, begi litaishia hapo. Usikubali kuambiwa "litafika tu", lebo ndiyo inayosema.

Shangazi Zuhura: Mimi nauliza la Bibi kwanza. Anapanda ngazi?

Rehema: Ngazi chache anaweza akishikwa mkono, Shangazi. Zile za kupandia ndege hapana. Ndani ya ndege anatembea mwenyewe hadi kitini.

Shangazi Zuhura: Basi ni WCHS, herufi za kuombea kiti cha magurudumu. Andika vizuri, kwa sababu kuna aina tatu na watu wengi huandikiwa tu "kiti cha magurudumu" bila kuelezwa.
WCHR: anapanda ngazi, anatembea ndani ya ndege, ila mwendo mrefu wa uwanjani hauwezi.
WCHS: ngazi haziwezi, ndani ya ndege anatembea.
WCHC: habanduki bila kubebwa, hata hadi kitini apelekwe.
Ukiandikiwa R badala ya S, na ndege ikaegeshwa mbali na jengo, mtaletewa ngazi na basi badala ya gari la kunyanyua. Mtabaki mlangoni mkisubiri gari liitwe, na dakika zinakwenda.

Shangazi Zuhura: Omba angalau saa 48 kabla, kwa simu au kwenye tovuti ya shirika. Baada ya hapo fungua buking uone herufi hizo zimetokea kwenye VIPANDE VYOTE viwili. Kosa la kawaida ni kuwekwa kipande cha kwanza tu.

Kassim: Na hapo ndipo Istanbul ya saa 1 na dakika 25 inapokufa.

Rehema: Lakini shirika lenyewe ndilo lililoiuza. Wangeiuza kama haiwezekani?

Mjomba Salim: Kila uwanja una muda wa chini kabisa wa kuunganisha, na mfumo unauza chochote kilicho juu ya muda huo. Kipimo hicho ni cha mtu anayetembea mwenyewe, na ndege iliyotua kwa wakati. Abiria wa kiti cha magurudumu hushuka wa mwisho. Ndege kubwa ikijaa, kushuka wote ni dakika 20 hadi 30. Mlango wa ndege inayofuata hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuruka. Toa zote mbili kwenye 85, unabaki na dakika 40 hivi, na ndani yake kuna ukaguzi wa mizigo ya mkononi wa abiria wanaounganisha, na mwendo.

Mjomba Salim: Uwanja mpya wa Istanbul uliofunguliwa 2018 ni jengo moja, hilo ni zuri, hakuna kupanda treni kutoka jengo hadi jengo. Ila jengo lenyewe ni refu mno. Toka ncha hadi ncha ni mwendo wa kweli hata kwa kijana. Na kwenye tiketi hakikisha ndege zote mbili zimeandikwa IST, ndizo herufi za uwanja huo. Kuna uwanja mwingine, SAW, upande wa Asia ya mji.

Rehema: Kwa hiyo Istanbul haifai?

Mjomba Salim: Istanbul inafaa sana, kinachokosa ni muda. Rudi kwenye utafutaji, chagua sehemu ya "miji mingi", uweke kila kipande mwenyewe, uchukue ndege ya Toronto ya baadaye. Maadamu kusubiri hakufiki saa 24, kwa safari za kimataifa bado kunahesabiwa kuunganisha tu, na mara nyingi nauli haibadiliki. Au mpigie wakala, umwambie unataka saa 3 hadi 4.

Mama Asha: Samahani naingilia. Sisi tunapitia Frankfurt kwenda Lisbon mwezi ujao, saa 1 na nusu. Nasi tuhofie?

Kassim: Mama Asha, ninyi mnaingia Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana paspoti. Muhuri hamgongewi Lisbon, uhamiaji wenu wote ni Frankfurt, kwa sababu ndipo mnapokanyaga Schengen mara ya kwanza. Tangu 12 Oktoba 2025 ulianza mfumo wa EES, wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa wasio raia wa huko, na mara ya kwanza huchukua muda zaidi kwa kuwa wanakuandikisha. Ombeni saa 2 na nusu au zaidi.

Kassim: Na launji yenu itafuteni upande wa Schengen, baada ya kupita uhamiaji. Frankfurt, geti za Z ziko juu kabisa ya geti za A. Ghorofa moja tu kati yake, lakini A ni Schengen na Z siyo. Mtu hukaa launji ya Z akidhani yuko jirani na geti lake la A, akishuka anakuta foleni ya paspoti.

Mama Asha: Asante sana mwanangu, hilo sikulijua.

Rehema: Kuna tangazo jingine limenitokea sasa hivi. Kupitia Newark, Marekani, saa 2 na dakika 30, bei nzuri.

Mjomba Salim: Marekani haina eneo la kupita tu. Kila abiria atokaye nje anaingia nchini kabisa kwenye uwanja wa kwanza, hata kama safari yake inaendelea Kanada. Viza au ruhusa ya Marekani juu ya ile ya Kanada, uhamiaji, kuchukua mizigo, forodha, kuikabidhi tena, ukaguzi tena. Kwa Bibi ni hapana.

Rehema: Sawa, Doha basi. Saa 3 na dakika 10.

Mjomba Salim: Mimi naiunga mkono. Jengo moja, hamtoki nje, mkibaki ndani hamhitaji viza ya Qatar. Jambo moja angalia kabla ya kulipa: ndege ya Doha kwenda Toronto inaruka siku zipi za wiki. Kama siku inayofuata ipo, mkiikosa mnapoteza siku moja. Kama haipo, mtazungushwa kupitia mji mwingine, na ombi la kiti cha magurudumu litabidi lifanywe upya.

Rehema: Na launji? Kadi imeandikwa inakubalika launji zaidi ya elfu moja.

Kassim: Hiyo idadi haikusaidii, unahitaji mlango mmoja. Fungua programu ya simu ya kadi, andika DOH, herufi za uwanja wa Doha, soma mambo haya:
Iko upande gani? Baadhi ziko kabla ya ukaguzi, na abiria anayeunganisha hawezi kuzifikia.
Mgeni anaingia bure au unakatwa pesa? Kadi nyingi za benki humpa mwenye kadi peke yake, na Bibi hapo ni mgeni.
Unaruhusiwa kukaa muda gani? Saa 3 ndio kawaida, na nyingine haziruhusu kuingia zaidi ya saa 3 kabla ya ndege.

Kassim: Na kadi ya benki yenyewe si ufunguo. Nyingi zinataka ujiandikishe kwanza, upate namba ya uanachama au msimbo wa kuskani. Fanya leo, kwa sababu uthibitisho wakati mwingine huja siku kadhaa baadaye.

Rehema: Nimeona picha za launji ile yenye bwawa la maji katikati, Al Mourjan. Ndiyo hiyo?

Kassim: Hapana dada. Al Mourjan ni ya abiria wa daraja la biashara. Kadi za benki zinafungua launji za pamoja. Usiende ukamsimamisha Bibi mlangoni kwa ajili ya kubishana.

Shangazi Zuhura: Na hata ile ya pamoja wanaweza kukuambia imejaa. Ndege za Doha huondoka kwa makundi, na kundi kubwa ni usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wenye kadi ndio huzuiwa kwanza. Kwa hiyo uwe na la pili. Pale Doha kuna vyumba vya kimya vya bure vyenye viti vya kulala nusu, na kuna hoteli ndani ya eneo la kupita, Oryx, huhitaji kuvuka uhamiaji. Kwa saa 3 hoteli sikushauri, kufika chumbani na kutoka kunakula saa nzima. Kama mngekuwa na saa 7 au 8, ningesema mchukueni Bibi akalale kitandani, launji muiache.

Mjomba Salim: Nakubaliana na Zuhura. Kiti cha launji hata kiwe laini vipi hakimnyooshi mtu mzima mgongo.

Shangazi Zuhura: Jambo ambalo wengi hawalijui Rehema: wahudumu wa viti vya magurudumu wakiwapokea, huwapeleka kwenye eneo lao la kungojea, na huko ndiko mtakakokaa hadi muda wa kupanda. Waambie MAPEMA, mlangoni mwa ndege, kwamba mnakwenda launji fulani. Kisha mkubaliane saa ya kuja kuwachukua. Andika saa na jina la eneo. Asipotokea dakika 10 baada ya saa hiyo, mwombe mtu wa mapokezi ya launji apige simu, usingoje.

Kassim: Na muweke saa hiyo dakika 75 kabla ya kuruka. Ndege kubwa huanza kupakia saa nzima kabla, na wenye viti vya magurudumu hutangulizwa. Geti lisome kwenye ubao, si kwenye pasi ya kupandia ndege, hubadilika. Mkipangiwa geti za D au E kuna treni ndogo ya ndani, hesabuni dakika 20 na lifti. Launji nyingi hazitangazi ndege kwa sauti. Weka kengele kwenye simu.

Rehema: Bafu za launji?

Kassim: Andikisha jina mara tu unapoingia, foleni yake ni ndefu kuliko ya viti.

Shangazi Zuhura: Dawa za Bibi zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye vifungashio vyake vya asili, na karatasi ya daktari. Za maji zinaruhusiwa kuzidi mililita 100 ila uzitoe na kuzitaja kwenye ukaguzi. Maji ya kunywa yatamwagwa Doha hata kama mlipewa kwenye ndege, kwa hiyo chukua chupa tupu.

Mjomba Salim: Pawabenki pia mkononi, marufuku kwenye begi la chini. Mwisho ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inapita. Isiyoandikwa kipimo chochote wanaweza kuichukua.

Rehema: Nimelipa. Doha, tiketi moja, nimempigia wakala na WCHS ipo vipande vyote viwili. Tunaondoka Jumapili saa 01:45.

Shangazi Zuhura: 01:45 ni saa 7:45 usiku, na usiku wenyewe ni wa kuamkia Jumapili. Mwambie Bibi ni Jumamosi. Mfike uwanjani Jumamosi hiyo saa 4:45 usiku, na anayewapeleka umtumie saa hiyo kwa maandishi, asiambiwe "Jumapili".

Rehema: Namtumia sasa hivi.