Mgeni rasmi kahesabu mikono ya wasio na ajira kwenye mahafali ya watoto wa watu!

Chaki_Mkononi (mleta mada):

Wakuu, nimefika sasa hivi na hata viatu sijavua. Simtaji mtu. Mnamjua wote. Yule yule wa suti inayong'aa kuliko taa za ukumbi, anayefundisha watu kutajirika kabla jua halijazama. Leo kaalikwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya chuo cha umma. Wamemvisha joho, wamempa kiti cha mbele. Kasimama, kashika kipaza sauti, nikadhani atasema hongereni. Akasema: "Ambao bado hamjapata kazi, nyoosheni mikono."

Na wale watoto, kwa adabu yao, wakanyoosha.

Akahesabu. Wakuu, AKAHESABU! Mmoja mmoja, kwa sauti, na kidole juu, kama mchunga mbuzi anayehofia fisi amepita. Wazazi wapo pale, wengine wamesafiri usiku kucha, watoto wao mikono juu na yeye anahesabu! Alipofika pale hesabu zake zilipoishia, akawageukia wazazi: "Kodi yenu hiyo. Miaka yote hii mmefuga wazururaji."

Shahada yenyewe ina umri wa robo saa! Wangeajiriwa saa ngapi, kati ya wimbo wa taifa na sala ya kufungua?

Huyu huyu kasoma chuo cha umma. Kalipiwa, kalala bwenini kwa kodi ya watu ambao hajawahi kuwaona. Siku yake ya mahafali hakuna aliyemwambia anyooshe chochote. Mkunga aliyempokea mwanawe katoka wapi? Aliyepiga hesabu za daraja alilopita kuja kututukana katoka wapi? Hayo mahubiri anayouza mtandaoni yanapita kwenye wavuti, na kivinjari kilichoufungulia wavuti mlango kwa watu wa kawaida, Mosaic, kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois, chuo cha umma, mwaka 1993. Angehesabu na hilo.

Lakini hapana. Kahesabu mikono! Na kuna watu wamempigia makofi. Sitalala leo.

Kisiki:

Pole mkuu. Ila swali dogo: alifika ngapi?

Chaki_Mkononi:

Kisiki, hilo ndilo ulilolipata humo? Alihesabu mikono ya watu MBELE YA MAMA ZAO.

Tarumbeta:

Nilikuwepo. Mleta mada hajasema yote. Kuna binti safu ya tatu alikuwa kashusha mkono, yule bwana akamwambia "wewe, rudisha, sijamaliza upande huo." Rudisha! Nilitaka kurusha kofia ya mahafali.

Chaki_Mkononi:

Asante Tarumbeta. RUDISHA! Nilikuwa nimelisahau, sasa nimeanza kutetemeka upya.

Sindano:

Mbona unalia hivyo, na wewe mkono ulikuwa juu nini? 😂 Mwenzenu kasema ukweli. Vyuo vinamwaga watu, kazi hakuna. Kodi ya mtu asiyejua hata geti la chuo linafanana vipi inamsomesha mtoto wa mkurugenzi. Hapo haki iko wapi?

Chaki_Mkononi:

Sindano, hilo la mtoto wa mkurugenzi ni la kweli na linaniuma kama linavyokuuma. Watoto wa wenye nacho ndio waliojaa kwenye viti vya vyuo vya umma karibu kila mahali. Lakini dawa ni kupanua geti ili wa yule mlipakodi naye aingie. Ukilifunga, wa mkurugenzi atapelekwa ng'ambo na wa mlipakodi atabaki kusimuliwa. Australia tangu 1989 mwanafunzi anasoma kwanza, anarudisha kupitia kodi kipato chake kikifika kiwango fulani. Asiyefika hasumbuliwi. Njia zipo. Hakuna hata moja inayoanza na kunyoosha mikono!

Mwalimu_Mstaafu:

Wanangu, tukio hili si geni. Mwaka 1944 Marekani ilipopitisha sheria ya kuwalipia masomo askari waliokuwa wanarudi kutoka vitani, Robert Hutchins, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, alionya kwamba vyuo vitageuka kambi za wazururaji. Neno lile lile. Askari wapatao milioni 2.2 wakaingia vyuoni, na wakatoka humo wahandisi, walimu, madaktari na wahasibu.

Kwetu sisi wa nchi zinazoendelea hesabu ya mikono ilikuja kwa lugha ya kitaalamu zaidi. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilishikilia kwamba faida kwa jamii iko zaidi kwenye elimu ya msingi, basi serikali zipunguze ruzuku ya vyuo vikuu. Walipimaje hiyo faida? Kwa sehemu kubwa waliangalia mshahara wa mhitimu na gharama ya kumsomesha. Utafiti hawakuuingiza. Mwalimu anayemfundisha mwalimu wa hiyo shule ya msingi hawakumwingiza. Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki hiyo hiyo pamoja na UNESCO likasema wazi kwamba mahesabu yale yaliipunja elimu ya juu. Mimi wakati huo nilikuwa tayari nimefundisha miaka mingi kwenye maabara yenye mabomba yasiyotoa maji. Kutamka kwamba mlikosea ni rahisi, ila kizazi kilichopita humo katikati hakuna aliyekirudishia chochote.

Chaki_Mkononi:

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Kumbe aliyesimama pale leo alikuwa anarudia kosa lililokwisha kukanwa na wenyewe! Na bado akahesabu!

MamaWawili:

Mwalimu shikamoo. Na mimi niongeze. Katalin Karikó, binti wa mchinja nyama kule Hungaria, alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Szeged mwaka 1982, enzi hizo chuo cha serikali. Mwaka 1985 fedha za utafiti wake zikakatwa, kazi ikaisha, akahamia Marekani. Mwaka 2023 akapewa Nobel pamoja na Drew Weissman, kwa kazi iliyowezesha chanjo za mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) dhidi ya UVIKO-19. Sasa huyo mgeni rasmi angekuwa Szeged mwaka 1985, si angemwambia "na wewe rudisha mkono"? Faida ya chuo haipimwi siku ya joho.

Chaki_Mkononi:

MamaWawili umenimaliza. Dada yangu, ubarikiwe.

Sindano:

Sawa, Karikó mmoja. Na wale wengine elfu waliokaa nyumbani?

MamaWawili:

Wanaokaa nyumbani wapo, Sindano, nami nimezaa mmoja. Ila chuo hakitengenezi ajira peke yake. Viwanda havijajengwa, hospitali zina vyumba bila wauguzi, shule zina madarasa bila walimu wa fizikia, na wahitimu wa hayo hayo wako mtaani. Kosa hilo unamnyoosheaje kidole mtoto mwenye joho?

Bwana_Faili:

Samahani wakuu, mnaongelea ajira, mwenzenu hata cheti sijakiona. Ofisi ya msajili wananiambia "jina lako halijashuka." Linashuka kutoka wapi? Mbinguni?

Tarumbeta:

Hahaha! Mimi waliniambia faili limeenda kusainiwa. Aliyelipeleka kastaafu.

Kisiki:

Afadhali nyie. Matokeo yangu ya somo moja yamekaa "hayajakamilika" na mtihani nilifanya, nina mashahidi, nilikaa mbele kabisa. Mhadhiri anasema nimfuate, nikimfuata yuko semina. Huyu mtu anaishi semina.

Chaki_Mkononi:

Jamani turudi kwenye mada. Mikono!

Bwana_Faili:

Mkuu, mikono tumeielewa. Kisiki, huyo mhadhiri ni yule mrefu wa miwani? Kama ndiye, usimsubiri mlangoni, ana mlango wa nyuma.

Kisiki:

ANA MLANGO WA NYUMA?

Jirani_wa_Maktaba:

Ni kweli, unatokea karibu na ngazi za maktaba. Msimamizi wangu wa tasnifu naye anautumia. Sura yangu ya tatu anayo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kila nikimpigia anasema "inasomeka vizuri, nipo ukurasa wa pili."

Sindano:

Wa kwangu alinirudishia kazi kasahihisha jina langu tu. Na kalikosea.

Tarumbeta:

Sindano!! Kumbe na wewe ni wetu. Hebu fungua uzi wa wasimamizi wa tasnifu, huu umeshajaa.

Bwana_Faili:

Asifungue kabla hajanijibu: huo mlango wa nyuma unafungwa saa ngapi?