"Pile" ya gatini na "pile" ya zulia: ni neno moja?

Fundi wa Mkoani: Asalaam aleikum. Nafanya kazi za vyuma gatini. Wahandisi wanaziita kwa Kiingereza "pile" zile nguzo zinazopigiliwa chini ya bahari. Skuli tulifundishwa "pile" ni chungu, yaani rundo, kama chungu ya makonyo ya karafuu. Juzi mzee wangu karudi hospitali, cheti kimeandikwa "piles", kumbe ndiyo bawasiri. Vitu hivi vimekutana wapi?

Bi Mazulia, Wete: Waaleikum salaam. Ongeza na langu. Manyoya ya zulia nayo ni "pile", kila lebo imeandikwa hivyo.

Maalim wa Micheweni: Wanangu, hayo ni maneno manne yenye tahajia moja, na asili ya yote ni Kilatini. Chungu imetoka kwenye pila, nguzo ya mawe, ikapitia Kifaransa. Nguzo ile hujengwa jiwe juu ya jiwe, basi kila kilichorundikwa kikaitwa hivyo. Utadhani nguzo za gatini zimetoka hapo hapo. La! Hizo ni pilum, mkuki wa askari wa Kirumi, kwa sababu mti wa kupigilia huchongwa ncha. Zulia ni pilus, unywele. Bawasiri ni pila nyingine, yenye irabu fupi: mpira, kwa umbo la ule uvimbe.

Kamusi nzuri huliandika "pile" mara kadhaa, kila mara na namba yake ndogo, maana yake haya si ndugu. Inaniuma kwamba hatuwaoneshi watoto namba zile. Wanakariri maana moja, wakikutana na ya pili wanajiona hawajui Kiingereza.

Fundi wa Mkoani: Allah akuzidishie, Maalim. Na betri? Jirani yetu aliyekulia Ngazija huiita "pile" betri ya tochi.

Maalim wa Micheweni: Hicho ni Kifaransa, na ni ile ile ya chungu. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga sahani za zinki na za fedha, moja juu ya mwenziwe, baina yake kitambaa kilichorowa maji ya chumvi, umeme ukapita. Wafaransa wameshikilia jina hilo hadi leo. Hata mtambo wa kwanza wa nyuklia, aliousimamia Enrico Fermi mwaka 1942, uliitwa Chicago Pile-1. Ulikuwa chungu hasa: matofali ya grafiti yamerundikwa, urani imo ndani yake.

Bi Mazulia, Wete: Maalim, na "heap" je? Mwanangu ana mtihani Jumatatu.

Maalim wa Micheweni: Hilo ni la Kiingereza chenyewe tangu kale, Kilatini hakimo. Mwambie "heap" ni chungu iliyomwagwa ovyo, "pile" mara nyingi imepangwa.