Dokumentari ya ajali za langalanga imenikera: hawa watu hawakuwa kafara, waliachwa wafe

Wakuu, nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Nimemaliza kuangalia dokumentari ndefu kuhusu hatari na usalama katika historia ya mbio za magari, ambayo kila mtu anaisifia kwa picha zake, na nimeinuka na hasira. Picha ni kali, nakubali. Mlio wa injini unausikia hadi kifuani. Lakini hadithi inayosimuliwa juu ya hizo picha ni ya uongo, na uongo wenyewe unawadhalilisha marehemu.

Wanavyosimulia ni hivi: zamani madereva walikuwa majasiri, walijua watakufa, wakafa, kila kifo kikaleta somo, na leo tuna usalama. Ukimaliza kuangalia unabaki na picha kwamba vifo vile vilikuwa ada ya shule. Kwamba hakuna aliyejua mpaka mtu alipokufa.

Walijua! Mara nyingi sana walijua, na dawa ilikuwepo, na kuna watu wenye vyeo na majina waliokataa kuitumia. Hao ndio dokumentari nzima haiwagusi.

Tuanze na Zandvoort, Uholanzi, 29 Julai 1973, maana ndipo waliponiudhi kuliko pote. Roger Williamson, kijana wa Kiingereza wa miaka 25, alikuwa kwenye mbio zake za pili tu za langalanga, yaani Formula 1. Gari likamshinda, likagonga kizuizi, likapinduka, likaburuzika chini juu na kuwaka. Yeye yumo ndani, yuko hai. Dereva mwenzake, David Purley, akasimamisha gari lake, akavuka njia mbio huku mashindano yanaendelea, akaanza kulisukuma lile gari kwa mikono mitupu aligeuze. Peke yake. Akachukua mtungi wa kuzimia moto kwa msimamizi wa pembeni mwa njia, akaumaliza wote, moto haukuzimika. Akarudi kusukuma. Akapunga mikono kuomba magari yasimame, hakuna lililosimama. Mwishowe wakamvuta pembeni.

Dokumentari inachukua mkanda huo, inaupunguza mwendo, inauwekea fidla za huzuni, inaurudia mara kadhaa, halafu msimulizi anazungumzia ushujaa. Purley alikuwa shujaa kweli, serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya George kwa siku ile. Lakini kwa nini alikuwa peke yake? Wale wasimamizi waliosimama pembeni hawakuwa waoga. Walikuwa wamevaa nguo za kawaida ambazo zingeshika moto kabla hawajalifikia gari. Mtungi ulikuwa mmoja. Gari la zimamoto lilichukua kama dakika nane kufika. Madereva waliokuwa wakipita walimwona mtu amesimama kando ya gari linalowaka, wakadhani ndiye mwenye gari na ameshatoka salama, na hakuna mkubwa yeyote aliyesimamisha mbio kuwaambia vinginevyo. Mbio ziliendelea hadi mwisho, mwili wa Williamson ukiwa bado kwenye gari.

Sasa sikilizeni ambalo dokumentari haikusema. Uwanja ule ule, Juni 1970, Piers Courage alikuwa ameshakufa kwenye ajali ya moto. Mwaka 1972 mbio za pale hazikufanyika kwa sababu uwanja ulionekana haufai. Kwa hiyo mwaka 1973 walikuwa wametoka kuukarabati: lami mpya, vizuizi vipya, mnara mpya wa kuongozea mbio. Fedha za lami na mnara zilipatikana. Nguo za kuwakinga wasimamizi dhidi ya moto hazikununuliwa, wakati madereva wenyewe walikuwa wanavaa nguo za aina hiyo tayari. Hapo nani alikuwa hajui?

Dereva Jackie Stewart wamempa dakika zake, nashukuru, ila wamemlainisha mno. Mwaka 1966 kule Spa, Ubelgiji, mvua iliwapiga mzunguko wa kwanza tu, Stewart akatoka njiani, gari likamkunja miguu ndani huku petroli ikimlowanisha mwili mzima. Cheche moja ingetosha. Waliomtoa ni madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, na ili wafungue usukani ilibidi waazime spana kwa mtazamaji. Kama dakika 25 zilipita yupo mle ndani. Halafu gari la wagonjwa lililompeleka hospitali likapotea njia. Tangu hapo alianza kutembea na spana yake mwenyewe kwenye gari la mashindano, akadai mikanda, madaktari, vizuizi, kituo cha maana cha huduma ya kwanza. Dokumentari inaonyesha mzee anayeheshimiwa na wote. Miaka ile wenye viwanja na baadhi ya waandishi walimwona ni dereva mwoga anayeharibu mchezo wa wanaume. Bingwa wa dunia mara tatu, mwoga! Hayo maneno walipaswa kuyaweka, na wayaweke kwa sauti, maana hiyo ndiyo historia yenyewe ya usalama: watu walioomba mambo madogo na kutukanwa.

Dereva Niki Lauda naye hivyo hivyo. Tunaonyeshwa moto wa Nürburgring, Ujerumani, wa tarehe 1 Agosti 1976, bandeji, kisha kurudi kwake Monza, Italia, wiki chache baadaye na kumaliza wa nne. Hadithi tamu ya mtu asiyekufa moyo. Kabla ya mbio zile Lauda aliwataka wenzake wasikimbie pale, kwa sababu uwanja wenye urefu wa zaidi ya kilomita 22 haukuweza kuwa na zimamoto na madaktari wa kutosha kila kona. Wakapiga kura, akashindwa. Waliomtoa motoni ni madereva: Merzario, Edwards, Ertl na Lunger. Yaani alichokitabiri ndicho kilichomkuta, msaada haukuwepo. Dokumentari imeiruka ile kura kabisa. Ukiiruka kura, kilichobaki ni bahati mbaya na mtu jasiri, na wenye uwanja wanalala usingizi.

Kuna mahali nilisimamisha video nikatoka nje. Ni sehemu ya dereva Romain Grosjean, Bahrain, Novemba 2020. Gari linagonga kizuizi kwa kasi ya karibu kilomita 192 kwa saa, linakatika vipande viwili, linalipuka, na yeye anatoka kwenye ndimi za moto akiwa amekaa humo karibu nusu dakika. Wanaiweka kama ushindi wa mwisho, kwamba safari imekamilika. Ile fremu ya juu ya kichwa, halo, ilimwokoa, hilo halina ubishi, na Grosjean mwenyewe aliyewahi kuipinga alibadili kauli hadharani. Lakini tazameni kizuizi! Pua ya gari ilipasua katikati ya zile bapa za chuma na kupita. Mwaka 1973 kule Watkins Glen, Marekani, dereva François Cevert aliuawa alipogonga vizuizi vya bapa za chuma kama hizo. Mwaka 1974, uwanja huo huo, Helmut Koinigg akagonga kwa mwendo ambao si mkubwa, bapa ya chini ikaachia kwa sababu haikufungwa sawasawa, gari likapita chini na bapa ya juu ikamuua. Kutoka Koinigg hadi Grosjean ni miaka 46, na bado gari linapita katikati ya kizuizi. Dokumentari yenye saa nzima na zaidi ya kuchezea haikuona hata swali hapo.

Na HANS, kile kifaa cha mabegani kinachozuia kichwa kisirushwe mbele ajali inapotokea. Robert Hubbard na Jim Downing walikitengeneza miaka ya 1980. Dale Earnhardt, dereva wa NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, alikufa Daytona Februari 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu, aina ile ile ya jeraha ambalo kifaa hicho kilitengenezwa kulizuia. NASCAR ikalazimisha vifaa vya kushika kichwa na shingo Oktoba mwaka huo. Langalanga ikalazimisha HANS mwaka 2003. Dokumentari inasema kifo cha Earnhardt ndicho kilicholeta kifaa. Hapana jamani. Kifaa kilikuwepo miaka mingi.

Suzuka, Japani, ndiyo inayoniumiza zaidi maana ni ya juzi. Oktoba 2014, mvua, giza linaingia, trekta la kunyanyulia magari liko ndani ya eneo la kona huku mbio zinaendelea. Dereva Jules Bianchi akateleza akaenda chini ya trekta. Alifariki Julai 2015. Kwenye dokumentari wanaiita ajali ambayo hakuna angeweza kuiwaza. Mwaka 1994, uwanja huo huo, eneo hilo hilo, mvua hiyo hiyo, dereva Martin Brundle aliteleza akalikosa trekta kidogo sana na kumgonga msimamizi, akamvunja mguu. Brundle akawa mtangazaji na kwa miaka mingi alikuwa akipiga kelele hewani kila akiona trekta ndani ya uwanja. Miaka 20 ya onyo! Na hata baada ya Bianchi, mwaka 2022, Suzuka tena, mvua tena, dereva Pierre Gasly akapishana na kreni njiani, akapiga kelele kwenye redio kwa hasira. Hilo nalo halimo.

Halafu watu wa pembeni. Hapa ndipo nawaomba mods waniache nimalize. Le Mans, Ufaransa, 1955 walikufa zaidi ya watu 80, karibu wote watazamaji, waliotenganishwa na magari kwa tuta la udongo ambalo mtu mzima anachungulia juu yake. Dokumentari inatumia muda wote kubishana kama kosa ni la dereva Hawthorn, Macklin au Levegh. Njia ile mbele ya jukwaa ilikuwa nyembamba, haikuwa na ukuta wa kuitenganisha na sehemu ya kujazia mafuta, na ilitumika tangu miaka ya 1920 kwa magari yenye kasi ndogo mno kulinganisha na yale ya 1955. Kosa gani la dereva linaua watu 80 kama uwanja umejengwa sawasawa?

Monza, Septemba 2000, Paolo Gislimberti, mzimamoto wa kujitolea, alipigwa na tairi lililochomoka. Melbourne, Machi 2001, Graham Beveridge, msimamizi, naye tairi. Nyaya za kushikilia matairi zilikuwa zimeshawekwa kisheria, hazikutosha, na wale watu walisimama mahali tairi linaweza kufika. Montreal 2013, Mark Robinson akakanyagwa na gari la kunyanyulia baada ya mbio kwisha. Hawa watatu wote hawatajwi. Dereva Roland Ratzenberger, aliyekufa Imola, Italia, mwaka 1994, siku moja kabla ya bingwa Ayrton Senna kufa hapo hapo, kapewa sentensi moja, tena kama utangulizi wa Senna.

Na Kyalami, Afrika Kusini, 5 Machi 1977. Kijana wa miaka 19, Frederik Jansen van Vuuren, alivuka njia amebeba mtungi wa kuzimia moto akimkimbilia dereva ambaye gari lake lilikuwa linawaka. Upande ule njia ina kilima, magari huyaoni mpaka yamefika. Dereva mwingine, Tom Pryce, akapanda kile kilima kwa kasi, hakuwa na pa kukwepea. Kijana alikufa pale pale, na mtungi aliobeba ukamuua Pryce. Dokumentari imemtaja Pryce kwa jina, ikaonyesha picha ya harusi yake. Yule kijana wamemwita msimamizi mmoja, basi. Halafu mkanda wa tukio wameurudisha, wakaupunguza mwendo, wakaurudisha tena. Mwili wa mtoto wa watu!

Kwa hiyo madai yangu kwa waliotengeneza, kama yupo anayewafahamu awafikishie. Waweke majina ya wasimamizi na watazamaji. Waseme nani alikataa nini na mwaka gani, kumbukumbu zipo. Waondoe fidla. Na waache kurudia mikanda ya watu wanakufa kwa mwendo wa taratibu, mara moja inatosha kueleza kilichotokea na pengine hata hiyo moja haihitajiki.

Na nyie mliokata kile kipande cha Kyalami mkakisambaza kwenye magrupu mkiandika mtakoma mkiona, kifuteni leo.